Sauti ya Ulezi

Niliulizwa swali mbele ya watu watatu, mchana kweupe, nikiwa na akili zangu zote. "Dismas, wewe unasikia nini?" Nikajibu, "Sisikii kitu." Maneno mawili. Nilikuwa nasikia. Nilisikia vizuri kuliko nilivyowahi kusikia jambo lolote kabla ya hapo, na mtu aliyenifundisha kusikia alikuwa amesimama hatua tatu kutoka kwangu, ameshika mpini wa jembe, ananitazama mdomoni. Kama ningepewa siku moja ya maisha yangu niirudie, nisingechagua siku ya furaha. Ningechagua mchana ule pale kiwanda cha gesi, Moshi mjini, niulizwe tena.

Nayaandika haya kwa sababu mwezi uliopita tulimzika Mzee Aloyce, kwake Kirua Vunjo, kando ya migomba aliyoipanda mwenyewe. Nilikaa benchi la nyuma kabisa, kwenye kona ya turubai, mahali wanapokaa watu wasio na uhakika kama wamealikwa. Mpwa wake alisimama kusoma wasifu wa marehemu. Alisoma alikobatizwa, alikosoma, akafika kwenye kazi. "Marehemu alifanya kazi kiwanda cha gesi kwa uaminifu mkubwa, hadi alipopatwa na tatizo la masikio, akaamua kupumzika." Watu wakaitikia kwa kichwa. Mama mmoja mbele yangu akamnong'oneza mwenzake, "Kweli, alikuwa hasikii huyu baba. Ukimsalimia mpaka urudie." Nilitazama viatu vyangu. Katika turubai lile lote mimi peke yangu nilijua kwamba sentensi ile ya wasifu ni ya uongo, na kwamba aliyeitunga ni mimi.

Mwaka ninaousema ni mwaka kiwanda kilipobinafsishwa. Nilikuwa na miaka ishirini na nne, nina cheti cha kidato cha nne, nimepanga chumba Pasua chenye dirisha moja linalotazama ukuta wa jirani. Kitanda, jiko la mchina, ndoo mbili, na redio iliyokuwa inashika stesheni moja tu. Jioni nilikuwa nachemsha chai, nakaa kitandani na kikombe, nasikiliza familia ya upande wa pili wakigombania sahani. Nilikuwa nazijua sauti zao wote, nani anakohoa, nani anabembeleza mtoto, na sikuwahi kujua sura zao. Kuna upweke wa mtu aliye mbali na watu, na kuna upweke wa mtu aliyetenganishwa nao na tofali moja. Wangu ulikuwa huo wa pili, na nadhani ndio ulionifanya nimpende Mzee Aloyce haraka kiasi kile.

Yeye ndiye alikuwa mwangalizi wa pampu, mimi msaidizi wake. Kiwanda kilikuwa kinavuta hewa hii hii tunayovuta, kinaibana na kuipoza mpaka inageuka maji, kisha kinatenga oksijeni ya hospitali na naitrojeni. Naitrojeni ile ya maji ilikuwa baridi kuliko kitu chochote ambacho mtu wa Moshi anaweza kukifikiria, hata ukimpandisha kileleni Kibo. Wafugaji waliihitaji, kwa sababu mbegu za madume ya kisasa, zile za kupandishia ng'ombe kwa mrija, huhifadhiwa ndani yake. Zikipata joto kidogo tu zimekufa, wala huwezi kuzitambua kwa macho. Kila wiki gari lenye tanki lilikuwa linakuja kuchukua naitrojeni kupeleka kwenye vituo vya mifugo, na pampu yetu ndiyo iliyokuwa inahamisha kutoka tanki kubwa la kiwanda kwenda kwenye gari. Siku yangu ya kwanza Mzee alinionyesha chupa yake ya chai, akagonga tumbo lake kwa kidole. "Tanki lile ni hii hii, ila mwenye nayo ni jitu. Hii inazuia moto usitoke, ile inazuia moto usiingie. Mengine yote utayajua kwa sikio."

Kwa sikio, kweli. Alikuwa na mpini wa jembe, mkongwe, umelainika kwa mikono ya mtu mwingine aliyelima nao kabla haujaletwa kiwandani. Ncha moja aliigusisha kwenye mwili wa pampu, ncha nyingine akaiweka kwenye mfupa wa nyuma ya sikio, akafumba macho. Kisha akanipa mimi.

"Unasikia nini?"

"Pampu, mzee."

"Pampu ni chuma. Chuma hakina maneno. Nakuuliza maji yanasemaje."

"Yanapita."

"Yanapita! Hata kipofu anajua yanapita. Rudia."

Ilinichukua wiki saba au nane. Halafu siku moja, gari likiwa linajazwa na tanki likiwa limeshuka sana, nikasikia ndani ya mngurumo kitu kingine, chembamba, kama mtu anamwaga ulezi kwenye sufuria, punje kwa punje. Nilifumbua macho. Mzee alikuwa tayari ameshika vali. "Inasemaje?" Nikasema, "Inamwaga ulezi." Akafunga vali, akacheka mpaka akakohoa. Hakuwahi kuiita sauti ile hivyo kabla. Kuanzia siku ile likawa neno letu, la watu wawili duniani. Asubuhi nikifika, baada ya shikamoo na marahaba, alikuwa ananiuliza, "Ulezi?" nami najibu, "Hakuna ulezi, mzee," ndipo anafungua chupa ya chai.

Jumapili alinichukua kwenda kwake. Tulikuwa tunashuka gari barabarani, tunapanda mlima kwa miguu, tunafuata mfereji wa kumwagilia migomba, naye anasimama kila mahali maji yanapokata kona, anasikiliza. "Jirani Massawe kafungua kwake kabla ya zamu yake," anasema, na tukifika juu tunakuta kweli. Nyumba yake ilikuwa ya vyumba vitatu, na jiko la nje la mbao lililokuwa jeusi kwa moshi hadi linang'aa. Pale jikoni ndipo maisha yote yalikuwa. Mkewe, Mama Yusta, alikaa kwenye kigoda cha karibu na moto, anakoroga mtori wa ndizi kwa mkono mmoja na kwa mwingine anafukuza kuku. Nyuma ya ukuta wa mbao alikuwepo ng'ombe wao mmoja, Sifa, ukimsikia anavyotafuna majani na kupumua, kana kwamba naye amekaa mezani. Na alikuwepo Yusta, binti yao, mwanafunzi wa ualimu, ambaye kila neno lake lilikuwa na mwiba na asali kwa pamoja.

"Baba, huyu msaidizi wako mpe na sufuria kabisa," alisema mara ya kwanza, nilipoongezwa mtori mara ya tatu. "Atuokolee na kuosha."

"Mwache ale," alisema Mama Yusta. "Anakaa Pasua na ndoo mbili."

"Nani kakwambia ndoo mbili?" Yusta akamuuliza mama yake.

"Baba yako. Kahesabu."

Wote walicheka, na mimi nikacheka, nikiinamia bakuli ili wasinione macho. Sikuwa nimecheka nikiwa na chakula mdomoni tangu nihamie mjini.

Ni kwenye jiko lile ndipo Mzee alinieleza ulezi unatoka wapi. Alikuwa ameshika kata ya mbege, pombe yetu ya ndizi, mkononi, povu limejaa juu, akalipuliza kidogo pembeni. "Tazama hili povu. Likipasuka, linapasukia nje, puu, limekwisha, halimdhuru mtu. La pampu si hivi. Maji yale ya baridi yako tayari kuchemka muda wote, yanangoja sababu tu. Tanki likiwa limejaa, uzito wake unayakandamiza, yanatulia. Likipungua, pampu inayavuta kwa njaa, mgandamizo unashuka pale mdomoni, yanachemka hapo hapo ingawa ni baridi. Vinazaliwa vipovu. Halafu feni iliyo ndani ya pampu inavisukuma mbele, kwenye nguvu, navyo havipasukii nje. Vinapasukia ndani." Akakunja ngumi polepole hadi vidole vikawa vyeupe. "Kuta zake zinakimbilia katikati, zinagongana. Pale zinapogongana ni kama ncha ya msumari. Msumari mmoja si kitu. Elfu kwa elfu, kila dakika, chuma kinaliwa."

"Baba," alisema Yusta, "mbege hiyo ni ya kunywa au ya kuhubiria?"

"Ngoja, sijamaliza. Ingekuwa maji ya kawaida, ungesikia kokoto, hata meneja angesikia. Lakini maji yale yana tabia yake. Kipovu kikizaliwa kinaiba joto kwa jirani zake, jirani wanazidi kupoa, wanakibana, hakikui sana. Kwa hiyo sauti inakuwa ndogo. Inakula kwa adabu. Ndiyo maana inataka mtu wa kusikiliza." Akanigeukia. "Mtu anayesikia na akasema."

Nimelifikiria neno lile, *na akasema*, kwa miaka yote hii. Sidhani kwamba alikuwa na maana yoyote ya pekee. Alikuwa mzee anazungumza akinywa mbege.

Kwa ajili ya mpaka wa pampu alifanya jambo ambalo Mchagga yeyote angelielewa bila kuelezwa. Kwetu mipaka ya kihamba, shamba la ukoo, hupandwa isale, ule mmea wa majani marefu, na anayeng'oa isale la mpaka amefanya jambo baya kuliko kuiba ndizi. Isale hilo hilo, ukimkosea mtu, unalikunja jani lake fundo, unampelekea. Akiliona hawezi kukukatalia msamaha, hata kama ulimwumiza namna gani. Mzee alichuma jani kwenye ua wake, akaja kulifunga kwenye bomba la kioo la kipimo cha tanki, juu kidogo ya robo. Chini ya hapo, hatupampu. Jani likikauka, Jumatatu alikuwa analeta jipya. Hapakuwa na kibao wala rangi nyekundu. Wote tuliokuwa pale tulikuwa watu wa mlimani, na hakuna aliyevuka.

Kisha akaja meneja wa wenye kiwanda wapya. Alitoka Dar es Salaam, mtu mwembamba, msafi, mwenye haraka, na kila sentensi yake ilikuwa na neno tija. Kabla ya wiki kwisha wafanyakazi walishamwita Bwana Tija. Sitaki kumsingizia, hakuwa mtu mbaya. Mtambo wa kutengeneza hewa ya maji ulikuwa umesimama ukingoja kipuri, tanki linapungua, vituo vya mifugo vinapiga simu, na yeye alikuwa ametumwa aonyeshe kwamba kiwanda kinaweza kujiendesha. Aliliona jani.

"Nani kafunga majani kwenye mtambo?"

"Ni mpaka, meneja," alisema Mzee Aloyce.

"Mpaka wa nini?"

"Wa tamaa yetu."

Bwana Tija alitabasamu, kwa adabu, kama mtu anayesubiri tafsiri. Alisema tanki lina robo nzima ya mali ambayo inakaa bure. Mzee akamwambia kuhusu vipovu. Meneja akasikiliza pampu kwa sikio tupu, akasema yeye hasikii kitu.

Kesho yake aliniita ofisini, peke yangu. Chumba kilikuwa kinanuka rangi mpya. Alinipa kiti, jambo ambalo hakuna meneja aliyewahi kunifanyia. Alisema orodha ya watakaopunguzwa inaandikwa, na kwamba yeye anapenda vijana waliosoma. Halafu akasema, "Pampu moja haihitaji masikio manne, Dismas." Hakusema zaidi. Hakunitisha wala hakuniahidi. Nilitoka nje nikasimama kwenye jua, nikaanza kujijengea hoja. Mzee anakaribia kustaafu. Mzee ana kihamba, ana ng'ombe, ana mke. Mimi nina ndoo mbili. Na hoja kubwa kuliko zote, ile niliyoiona kuwa ya haki kabisa: nilitaka kumposa Yusta. Tulikuwa tumeshaelewana kwa macho na kwa maneno machache kando ya mfereji. Nitampelekaje baba yake mbege ya posa nikiwa sina kazi? Ndivyo nilivyofikiri. Nilimuuza baba ili nipate kumwomba binti, na sikuona ubaya wa hesabu hiyo.

Siku ya gari ilipofika, kipimo kilikuwa kimegusa jani. Bwana Tija akaamuru tuendelee. Tukaendelea. Kipimo kikashuka chini ya jani, upana wa kidole, upana wa vidole viwili. Mzee aliweka mpini kwenye pampu, akafumba macho, akasema, "Inamwaga ulezi. Simamisha."

"Mimi sisikii," alisema Bwana Tija. "Dereva hasikii. Na dereva ana masikio ya mafundi wote wa barabara ya Arusha. Haya, tumuulize kijana wako. Dismas, wewe unasikia nini?"

Mzee alinipa mpini. Alinipa kwa furaha, hilo ndilo linaloniuma. Alinipa kama mtu anayemkabidhi shahidi wake kitabu. Nikauweka nyuma ya sikio. Ulezi ulikuwa unamwagika si punje kwa punje bali debe zima. Niliusikia kwenye meno.

"Sisikii kitu," nilisema.

Nilitegemea anitukane. Nilikuwa nimejiandaa kwa hilo, nimeshatafuta mahali pa kutazama.  Mzee Aloyce aliuchukua mpini mkononi mwangu, akauweka tena kwenye pampu, akasikiliza kwa muda mrefu sana, uso umekunjamana kama mtu anayesoma barua bila miwani. Kisha akauteremsha. "Basi ni mimi," alisema. "Basi ni masikio yangu, meneja. Unisamehe." Akaniachia mpini, akaenda kuchukua chupa yake ya chai, akaondoka akipita katikati ya uwanja, mgongo umenyooka, anatembea kwa uangalifu kama mtu aliyeambiwa ghafla kwamba giza limeingia.

Bwana Tija alisema, "Toa hayo majani." Niliyafungua mwenyewe. Mikono yangu ndiyo iliyofanya hivyo, mikono ya mtoto wa Kichagga.

Kwenye barua yake ya kuachishwa kazi waliandika kwamba sababu ni afya. Mimi nikawa mwangalizi wa pampu. Jumapili ya kwanza sikwenda Kirua, nikajiambia nimechoka. Ya pili nikajiambia mvua. Nilikaa chumbani Pasua, nikawasikiliza jirani zangu wakigombania sahani, na kwa mara ya kwanza nikaweka redio kwa sauti ili nisiwasikie.

Pampu haikumaliza miezi miwili. Ilianza kutetemeka, ikavuja, na siku moja ikasaga kwa sauti ambayo hata Bwana Tija aliisikia akiwa ofisini. Niliifungua mimi. Feni yake, kile kigurudumu chenye mapanga kinachozunguka ndani, kinaenea kwenye kiganja. Kilikuwa kimejaa vitundu upande mmoja, vidogo, vimesongamana, kama hindi lililoingiwa na bungua. Nilipitisha kidole pale. Kila kitundu kilikuwa neno la Mzee Aloyce. Bwana Tija alikigeuza mara moja, akasema, "Chuma kibovu, tupa," akaenda kupiga simu. Sikutupa. Nilikifunga kwenye kitambaa, nikakiweka chini ya kitanda changu.

Wiki nyingi zikapita bila naitrojeni. Mitungi ya vituo ikakauka, mbegu zikapata joto, na wataalamu, bila kujua, wakaendelea kuwapandishia watu ng'ombe kwa mbegu zilizokufa. Sikufikiria ng'ombe yeyote kwa jina lake. Nilifikiria mtambo.

Siku moja, Jumamosi, nikashindwa kuvumilia. Niliweka feni kwenye kikapu, nikapanda Kirua. Njiani nikachuma jani la isale, nikalikunja fundo jinsi baba zetu walivyokunja. Nilikuwa nimejiandaa kusema: Mzee, nilisikia. Masikio yako ni mazima, chuma hiki hapa. Nilipita kwa nyuma, njia ya migombani, nikafika kwenye ukuta wa jiko. Walikuwa ndani, wanakula. Nikasimama nivute pumzi.

"Sifa kaja joto tena, hajashika mimba," Mama Yusta alikuwa anasema. "Mara ya tatu hii. Yule bwana wa mifugo anasema mbegu zilikosa baridi. Mwaka huu hatuna ndama, na maziwa ndiyo yanakatika."

"Si pampu yao imekufa!" Hiyo ilikuwa sauti ya Yusta. "Baba, si ulisema? Wewe ulisema itakufa!"

"Nilisema." Mzee alikuwa anaongea kwa sauti ya juu, kama wanavyoongea watu wasiosikia vizuri. Sikuwahi kumsikia akiongea vile. "Nilibahatisha. Mtu anaweza kusema mvua itanyesha, na ikanyesha. Haina maana kwamba aliisikia."

"Dismas alisikia. Alinyamaza tu, baba. Aliogopa kazi."

Kikombe kiligongwa kwenye ubao. "Usirudie neno hilo ndani ya nyumba yangu! Yule kijana nimemfunza mwenyewe. Angesikia angesema. Hana uongo yule. Kama yeye hakusikia, hakukuwa na kitu cha kusikia, na mimi ndiye niliyechoka. Mwisho."

 Sifa alikuwa anatafuna, upande wangu wa ukuta, ananitazama kwenye nafasi ya ubao.

Ningeweza kuzunguka kona. Zilikuwa hatua kumi. Nilijiambia kwamba nikiingia na jani lile nitamrudishia masikio na nitamnyang'anya kijana wake, na kwamba pengine anamhitaji zaidi kijana. Nilijiona mwema sana kwa kufikiri hivyo. Leo nina umri wa kusema ilivyokuwa: nilikuwa nimesikia mtu akiniita mkweli, nikapenda, nikataka kubaki hivyo katika nyumba moja duniani. Nililichomeka jani langu kwenye ua, katikati ya masale ya mpaka, mahali ambapo hakuna angelitofautisha na mengine, nikateremka na feni yangu.

Yusta alikuja mara moja, getini kiwandani, wakati wa chakula cha mchana. Alikuwa amevaa sare ya chuo. Hakunisalimia.

"Nikuulize jambo moja tu. Ulisikia?"

"Sikusikia, Yusta."

 Nilitegemea mwiba, hata ule wa zamani. "Haya," alisema. "Basi mimi nimesikia." Akageuka. Baadaye aliolewa Machame na mwalimu mwenzake.

Kazi niliyoilinda ilidumu miezi saba. Pampu mpya haikununuliwa, mtambo haukupona, geti likafungwa kwa mnyororo. Nilishuka Chekereni kuangalia mashine za maji za wakulima wa mpunga, na huko nimefanya kazi mpaka uzee, mtu wa kuitwa, mtu wa kulipwa na kuondoka. Habari za Mzee nilizipata kwa watu. Kwamba aliacha kufuata mfereji, akawa anamtuma mkewe kwenye mikutano ya maji kwa sababu, alisema, hawezi kutoa ushahidi wa kitu asichokisikia. Kwamba mtu akimwita alikuwa anaitika kwa kusita, kisha anauliza, "Umeniita, au?" Sijui kama kuna mtu aliyewahi kumpima masikio. Nadhani aliniamini mimi, akaona inatosha.

Baada ya mazishi nilingoja watu wapungue. Nilikuwa na kikapu kile kile, au kinachofanana nacho. Yusta alikuwa jikoni, jiko ni lile lile, limezidi kuwa jeusi kwa moshi. Mama yake alishatangulia miaka mingi. Yusta ni mwanamke wa makamo sasa, miwani imening'inia shingoni. Nikamwambia pole, nikafungua kitambaa, nikaweka feni juu ya ubao wa kulia chakula, na jani la isale lenye fundo kando yake. Alivaa miwani. Alipitisha kidole kwenye vitundu, polepole, kama nilivyofanya mimi.

"Hii ndiyo ile?"

"Ndiyo."

"Umekuwa nayo tangu lini?"

"Tangu mwaka ule."

"Na yeye amekuwa hapa tangu mwaka ule. Barabara ilikuwepo, Dismas. Hata lami wameweka."

 Alilichukua jani, akalitazama fundo, akanirudishia mkononi, bila hasira. "Isale hupelekewa aliyekosewa. Siwezi kulipokea kwa niaba yake. Kama ungelileta, asingekuwa na uwezo wa kukukatalia, unajua mwenyewe. Hata asingetaka." Feni aliibakiza. Alisema ataiweka kabatini, pamoja na miwani ya baba yake na rozari yake. Kisha akaniuliza kama nimekula, nikasema nimekula, ingawa sikuwa nimekula, na akajua.

Hii ndiyo gharama, niiandike wazi. Jibu langu lilimfanya mtu mwenye masikio mazima kuliko wote niliowajua aishi miaka yake yote iliyobaki akiwa kiziwi, afe hivyo, na asomewe hivyo kaburini. Lilinikosesha mke niliyemtaka, na jiko pekee nililowahi kucheka ndani yake. Masikio yangu mimi bado ni mazima. Nakaa na mashine, nazisikia zote zinavyosema, na hakuna mtu aliyebaki wa kuniuliza nasikia nini.